Mkono wa Umeme na Pumzi Yake

Mwenye nguvu, muulize pumzi.

Ndivyo mama yenu alivyowaambia leo, mlipomwachia mwenzenu Asangalwisye ndoo zote za maji kwa sababu ana mabega mapana. Mmecheka, kisha mkaja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Haukutoka mbali, wala si wa kale kama mnavyodhani. Kaeni niwaeleze ulikozaliwa.

Huko milimani Rungwe kulikuwa na kikundi cha akina mama waliotengeneza sabuni kwa mafuta ya maparachichi. Sabuni ikishaganda sandukuni hutoka tofali zito. Tofali hilo husukumwa lipite kwenye fremu yenye nyuzi za chuma, na upande wa pili hutoka miche iliyokatika sawasawa. Kazi ya kusukuma ilitaka bega, na kwa miaka mingi bega lilikuwa la Tunsume, ambaye wenzake walimwita Mama Gwakisa.

Mwaka ule bega likagoma. Tunsume hakuweza hata kujifunga kitambaa kichwani bila kusaidiwa. Na sheria ya kikundi ilikuwa wazi, yeye mwenyewe alikuwepo ilipotungwa: asiyeweza kazi yake kwenye meza ya kukatia sabuni humpisha mwingine. Mwenyekiti wao, Atuganile, hakutaka kumpoteza. Akamwita fundi kutoka mjini, Mwinchande, mtu mpole aliyeaminika kwa mashine.

Fundi aliuliza maswali matatu. Tofali lina uzito gani? Linasukumwa umbali gani? Mnataka lifike upesi kiasi gani? Akapima, akaenda zake, akarudi na mkono wa umeme. Ulikuwa bomba la chuma lenye mota ubavuni. Ukibonyeza kitufe, fimbo hutoka bombani ikasukuma. Ukibonyeza kingine, hurudi ndani. Tofali la kwanza lilipita kwenye nyuzi kama ugali moto. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Haya, Mama Gwakisa," alisema Atuganile, "kazi yako sasa ni kidole. Tutajaribu mpaka msimu wa maparachichi ufunguke. Ikikubali, unabaki. Ikikataa, unajua sheria."

"Najua," alisema Tunsume.

Kesho yake mashine ilianza vizuri. Matofali yakapita moja baada ya jingine, wenzake wakifurahi na kumletea mengine mbiombio. Kabla jua halijapanda sana, fimbo ikasimama katikati ya tofali. Tunsume akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, polepole, kisha kwa nguvu. Kimya. Akapigiwa simu fundi.

Mwinchande alipofika kwa bodaboda alipokelewa kama mgeni anavyopokelewa kwetu. Mgeni haelezwi shida akiwa amesimama. Alikalishwa, akaletewa chai na ndizi za kuchemsha, akaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za barabara. Sahani zilipoondolewa ndipo akapelekwa kwenye mashine. Akabonyeza. Fimbo ikatoka bila tatizo lolote.

"Mbona inafanya kazi?" aliuliza.

Akina mama wote wakamgeukia Tunsume.

Siku iliyofuata ikawa vilevile: asubuhi ilisukuma vizuri, baadaye ikasimama, fundi akaja, akala, akabonyeza, ikatembea. Sekela, aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko wote, akasema, "Mashine hii ni kama mkwe. Mbele ya mgeni ina adabu, tukibaki wenyewe inanuna."

Wakacheka. Tunsume hakucheka. Alianza kujishuku. Labda anabonyeza vibaya. Akajaribu kidole gumba, akajaribu mkono wa kushoto. Akadhani ni sabuni, akachagua matofali laini, ikasimama. Akadhani ni umeme, akahamishia waya soketi nyingine; ikasimama. Akazima redio. Akaufunika mkono ule kwa kitenge vumbi lisiingie, na siku hiyo ikasimama mapema zaidi. Kila alichogusa kilimwongezea giza. Nyumbani alikaa akitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Fundi naye alichanganyikiwa. Hakumlaumu mtu. Alisema labda nguvu haitoshi, akaleta mkono mwingine, mnene zaidi. Ule nao ukasukuma vizuri asubuhi, ukasimama, na mgeni alipomaliza kunywa chai ukatembea.

"Si mashine, basi," mmoja alinong'ona, na Tunsume akasikia.

Maparachichi yalikuwa yameanza kuanguka yenyewe mashambani. Atuganile akamwita kando. "Mama Gwakisa, nitasema nini mbele ya wenzetu?"

"Mwite fundi mara moja nyingine tu. Nikishindwa, nitampisha mwingine, wala sitanuna."

Mwinchande akaja. Sekela alikuwa tayari na birika mkononi.

"Ndaga, mama, ahsante, lakini nimefunga," alisema fundi. "Ramadhani imeingia."

Wakatazamana. "Sasa tutakukalisha ili ufanye nini?" alisema Sekela. "Twende tu, ukaione ilivyonuna."

Wakaenda moja kwa moja. Fundi akabonyeza. Kimya. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuiona imesimama. Akaondoa kitenge, akaweka kiganja juu ya mota, akakiondoa upesi.

"Astaghafirullah! Inaunguza!"

Akakaa chini kwenye sanduku tupu, akafikiri kitambo. Hakuna aliyemharakisha. Mwishowe akabonyeza tena, na fimbo ikatoka.

"Chai yenu ndiyo iliyokuwa ikiitibu," alisema taratibu. "Nikila, inapoa. Ndani ina swichi inayokata umeme joto likizidi. Mikono ya aina hii ni ya kufungulia geti: inasukuma kidogo, inapumzika sana. Ninyi mnaisukumisha asubuhi nzima. Nilileta mwenye nguvu zaidi, kumbe ni wa ukoo uleule. Niliuliza uzito, umbali na mwendo. Sikuuliza inapumzika lini. Mama huyu hana kosa."

Tunsume akaokota kile kitenge, akakikunja.

Mkono wa tatu aliouleta fundi haukuwa na nguvu kuliko ule wa pili, na ulitembea polepole hata Sekela akauita bibi kizee. Lakini ulitengenezwa kwa kazi ya kutwa nzima, na jioni ya siku ya kwanza ulikuwa bado unakwenda. Tunsume aliugusa. Ulikuwa na uvuguvugu tu, kama mtoto aliyeamka.

Akina mama walikuwa wamemzunguka. Atuganile akalitazama bega la Tunsume, lile lililoinama.

"Kila zamu yetu ilipokuwa nzito," alisema, "tulisema mpeni Mama Gwakisa, yule ana nguvu. Nani kati yetu aliwahi kumuuliza anapumzika lini?"

Sekela, ambaye kwa mazoea alikuwa anamnyooshea Tunsume ndoo ya mafuta, alibaki nayo hewani. Kisha akaishusha.

"Mama Gwakisa," alisema, na safari hii hakuwa anatania, "una pumzi?"

"Leo sina," alisema Tunsume. Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yao.

Sekela akaibeba ndoo mwenyewe. Tangu hapo, kikundini kwao na baadaye milimani kote, kabla ya kumtwika mtu mzigo kwa sababu anaweza, husema: mwenye nguvu, muulize pumzi.