Mwinyikondo wa Pili

Hapo zamani, wakati mtu alipojulikana kwa jina lake na la baba yake na la babu yake, wala karatasi hazijaanza kumsemea, palikuwa na mji ukiitwa Mtondoo, na katika mji huo palikuwa na mchukuzi wa maji, fukara asiye na kitu ila mzega, yaani mti wa kubebea maji begani, mitungi miwili, na mke mwenye maneno. Jina lake Mwinyikondo bin Makame bin Hatibu. Wengi walimwita Kondo kwa ufupi, lakini sisi tutalitaja jina lilivyo, kwa sababu kisa chote hiki ni cha jina hilo.

Mtawala wa Mtondoo alikuwa Sultani Badru bin Hafidh. Mwaka mmoja alimjia mgeni akajiita mpwa wa mfalme wa nchi jirani. Akakaribishwa, akala wali na kuku siku ishirini, akapewa joho la hariri na punda mweupe, akaaga, akaenda zake. Siku ya ishirini na tano akafika mpwa mwenyewe. Basi Sultani aliona haya, na haya ikageuka hasira, na hasira ikawa sheria. Katibu akaiandika, na mpiga mbiu akaitangaza mitaani:

"Mtu yeyote atakayejiita kwa jina la mwingine aliye hai, atafanya kazi ya mwenye jina siku saba, mchana kweupe, na kila amwonaye atamwita kwa jina hilo aliloliiba. Kisha atatolewa mjini. Awe mkubwa, awe mdogo, hapana wa kumsamehe isipokuwa mwenye jina."

Maneno ya mwisho Sultani aliyatunga mwenyewe, na aliyapenda hata akawa akiyarudia hamamuni.

Mwinyikondo alipoisikia mbiu alicheka.

"Unacheka nini?" akamuuliza Bi. Mwanakheri, mkewe.

"Nacheka kwa kuwa sheria hii hainihusu. Nani ataliiba jina langu? Ningempata mwenye kulitaka, ningempa na mitungi juu."

Hata mwezi haukupita. Asubuhi moja askari wawili walimkuta kisimani, wakamshika, wasimwache hata autue mzega vizuri, wakampeleka barazani kwa Sultani. Waziri Shekue alikuwa amesimama pale, macho yamemwiva.

"Ndiye huyu!" akanena Waziri. "Jana baada ya alasiri, katika mtaa wa Gongoni, kwa Mzee Kombo Faki muuza kahawa, mtu huyu alikaa mbele ya watu akauliza kama ni kweli pishi ya kupimia ya ghala langu ni pungufu na kwamba nawapunja watu mchele wao. Alipoulizwa yeye nani, akajibu bila soni: Mimi Mwinyikondo bin Makame, mchukuzi wa maji."

"Seyidi yangu," akasema Mwinyikondo, "jana baada ya alasiri nilikuwa nikijaza birika la msikiti, huku mjini juu. Mwadhini yupo, aulizwe."

Mwadhini akaulizwa, akaapa kuwa Mwinyikondo hakutoka msikitini mpaka magharibi. Wanywaji kahawa wa Gongoni nao wakaulizwa, wakaapa kuwa mtu yule alilitaja jina hilo waziwazi, ila uso hawakuuona, maana alijitanda shuka akidai ana jino bovu. Ikawa Mwinyikondo mmoja yuko pahali pawili.

Sultani alikohoa, akatazama dari.

"Jina langu limeibwa," akasema Mwinyikondo.

"Kama limeibwa," akanena Sultani, bado akitazama dari, "mlete mwizi. Nakupa mpaka Ijumaa."

"Na aje kwa miguu yake!" akadakia Waziri Shekue. "Asishikwe na askari wala asivutwe na mtu, tusije tukaletewa mnyonge aliyekodiwa. Na ajishuhudie mwenyewe, bila kuulizwa. Hayo yasipotimia, mwongo ni wewe, na utatolewa mjini, wewe na mkeo."

"Na iwe hivyo," akasema Sultani, kwa sauti ndogo kuliko desturi yake.

Mwinyikondo akarudi njiani akiwaza. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na paa la makuti, lakini ndimo alimozaliwa. Na nje ya Mtondoo hakumjua mtu hata mmoja wa kumpa kivuli. Akashika njia ya Gongoni.

"Shikamoo, Mzee Kombo."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mwinyikondo bin Makame."

Mzee Kombo akaliweka dele la kahawa chini. "Wa pili huyo wiki hii. Mkizidi nitawauzia kwa jumla."

"Huyo wa kwanza alikuwaje?"

"Kimo kama chako. Kanzu ya viraka, shuka usoni, jino linamuuma. Na kahawa ya moto akainywa kwa jino hilohilo. Kisha akanivunjia kikombe."

"Kwa hasira?"

"Hata! Kwa utulivu wake. Alikunywa akamaliza, akakipeleka kikombe nyuma ya bega, hivi, bila kugeuka, akakiachia. Kikaanguka, paa! Akashtuka yeye kuliko mimi, akaitazama sakafu kana kwamba imemkosea adabu."

Mwinyikondo aliitazama sakafu ile. Kisha tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo, likavuka taratibu hadi upande wa pili.

"Una vikombe vingapi, mzee wangu?"

"Vilikuwa kumi na viwili. Sasa hesabu mwenyewe."

"Ijumaa njoo navyo barazani, na dele limejaa."

"Na kikivunjika kingine?"

"Atalipa mvunjaji."

Alipofika nyumbani bado alikuwa akicheka, na Bi. Mwanakheri alikuwa ameanza kufunga vyombo.

"Ewe mwanamume, Ijumaa twatolewa mjini nawe wacheka?"

"Mke wangu, wewe ukimaliza kahawa, kikombe wakiweka wapi?"

"Chini. Nikiweke wapi tena?"

"Na mtu akikiachia hewani?"

"Huyo ana wazimu."

"Au?"

Bi. Mwanakheri akafikiri, sufuria mkononi. "Au amezoea kupokelewa." Akasita. Katika Mtondoo yote mtu mwenye mtumishi wa kusimama nyuma ya bega alikuwa mmoja tu. Akauvuta upindo wa leso akajiziba mdomo. "Mwinyikondo! Ukilitamka hilo watakukata kichwa!"

"Ndiyo maana sitalitamka. Hukusikia sharti la Waziri? Mwizi atajishuhudia mwenyewe."

Ijumaa baada ya sala baraza ilijaa mpaka vizingitini. Sultani Badru alitoka msikitini akavuka ua kwa miguu, kama ilivyokuwa desturi yake siku ya Ijumaa, akaketi. Nyuma ya bega lake la kulia akasimama mtumishi wake Feruzi, sinia mkononi.

"Yu wapi mwizi wako?" akauliza Waziri Shekue.

"Amekwisha fika," akajibu Mwinyikondo.

Watu wakageukiana. Wawili watatu wakasogea mbali na majirani zao.

"Amekuja kwa miguu yake, wala hakushikwa na mtu. Limebaki sharti moja. Seyidi yangu, naomba mambo mawili madogo. Watu wanywe kahawa ya Mzee Kombo, ileile ya siku ile. Na mtu asisimame nyuma ya mwenziwe. Wote waje mbele, tuonane nyuso."

"Si neno," akasema Sultani. "Wote mbele!"

Basi wote wakaja mbele, na Feruzi naye, maana amri ni amri, akatoka alipokuwa akasimama mlangoni na sinia lake.

Mzee Kombo akapita na dele. Alimpa Sultani kwanza, kisha Waziri, kisha wengine kwa kadiri ya vikombe. Pakawa kimya, husikii ila mivuto ya kahawa. Sultani alikunywa kidogo kidogo, akimtazama Mwinyikondo kwa pembe ya jicho. Na Mwinyikondo alikuwa akizikagua kucha zake. Kahawa ikaisha. Sultani akakipeleka kikombe nyuma ya bega, bila kugeuka, akakiachia.

Paa!

"Cha pili!" akapiga kelele Mzee Kombo kabla hajajizuia. "Hicho sasa cha pili!"

Baraza ikaganda. Mzee Kombo akatambua ni nani aliyempigia kelele, akaketi palepale alipo, dele kifuani. Macho ya watu yakatoka kwenye vigae, yakapanda pole pole, yakafika kwenye kiti cha enzi, yakashindwa kupita.

"Mshikeni mzee huyu! Mshikeni na huyu mchukuzi!" akasema Waziri.

Mwinyikondo aliinama. Kisha akaikaza sauti. "Mimi sikusema neno, wala sikumwuliza mtu neno. Naomba tu sheria isomwe."

Katibu akaisoma mpaka akafika: "Awe mkubwa, awe mdogo, hapana wa kumsamehe isipokuwa mwenye jina."

"Rudia hapo mwisho," akasema Mwinyikondo. "Hapo patamu."

Sultani alikuwa amewiva uso. Mkono wake ulikuwa juu ya jambia, na watu waliokuwa karibu wakajivuta pembeni.

"Mwinyikondo bin Makame," akanena, "nilikusudia kukusamehe leo hii."

"Najua, Seyidi yangu, moyo wako ni mwema. Lakini sheria haikukuachia wewe ruhusa ya kusamehe. Imeniachia mimi."

Mkono wa Sultani ukatoka kwenye jambia. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha tumbo, kisha akacheka mpaka kilemba kikamlalia sikioni. Na baraza nzima, ilipoona kwamba ni salama, ikacheka naye. Waziri Shekue naye akajaribu.

"Wewe usicheke," Sultani akamwambia, akijifuta machozi. "Nilivaa jina la maskini nipate kuuliza habari za pishi yako. Siku ile wote walinyamaza. Asubuhi yake mwenye kuuliza akakamatwa. Basi jibu nimelipata. Iletwe!"

Pishi ya ghala ikaletwa, ikapimwa kwa pishi ya msikiti, ikapungua viganja viwili. Shekue akaurudisha mchele, na uwaziri akaurudisha siku hiyohiyo.

"Haya, mwenye jina," akasema Sultani, "nihukumu."

"Kutolewa mjini nimekusamehe," akajibu Mwinyikondo, "maana ukiondoka watatuletea mwingine, nami nimeshakuzoea wewe. Siku sita za kazi nimekusamehe pia. Siku moja siwezi, Seyidi yangu. Jina hilo nimelijenga kwa mgongo huu, na mtu asilivae asijue uzito wake."

Basi kesho yake, mchana kweupe, Sultani Badru bin Hafidh alibeba mzega. Na kwa kuwa sheria iliamuru, kila amwonaye alimwita kama inavyopasa. "We Mwinyikondo, mbona mitungi nusu?" "Mwinyikondo, maji ya jana yalikuwa na majani!" Bi. Mwanakheri alisimama mlangoni akamwambia, "Mume wangu, leo umechelewa," kisha akakimbilia ndani kucheka. Safari ya nne Sultani aliketi kwa Mzee Kombo, bega limechubuka, akanywa kahawa, na kikombe akakiweka chini mwenyewe, kwa mikono miwili. Magharibi alimpa Mwinyikondo kanzu mpya na punda wa kumchukulia maji. "Punda huyu," akasema, "hana jina. Usimpe langu."

Tangu siku hiyo Sultani hakuacha kutembea mitaani kwa kanzu ya viraka, lakini jina la mtu hakuligusa tena. Hata jioni moja kwa Mzee Kombo, mgeni aliyetoka bara akamsogelea kwenye benchi, akamwuliza jina lake.

"Sultani Badru bin Hafidh," akajibu.

Mgeni akacheka mpaka kahawa ikampalia. "Basi na mimi ndiye Kadhi wa mji huu!"

"Bwana mgeni, chunga ulimi," akasema Mzee Kombo, akimmiminia kahawa nyingine. "Hapa tuna sheria. Usijiite Kadhi."

"Na huyu aliyejiita Sultani je?"

"Huyo mwache. Jina ni la kwake." Kisha akamgeukia mwenye kanzu ya viraka. "Na wewe, kikombe chini."

Nami kisa hiki nakiweka chini vivyo hivyo, kwa mikono miwili, kisije kikavunjika.