Radhi Moja ya Mwanakombo

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana magari yalikuwepo na mengine yalikwisha kuzeeka, palikuwa na Bwana Mhina wa Tanga. Marehemu baba yake alimwachia gari, naye akalipenda kupita kiasi. Kila kilichochakaa alitaka kibadilishwe kwa kifaa cha enzi zile zile. Cha kisasa hakutaka hata kukiona.

Breki zikaisha. Mhina akamtuma fundi wake, Semboja, kwa Bi Saumu muuza spea, akachukue za zamani.

"Fundi, hizi zina asbesto," Bi Saumu akamwambia. "Vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Kwa nini asichukue za siku hizi?"

"Mwenyewe anataka hizi."

Bi Saumu akaguna, akamfungia breki zile kwenye karatasi.

Semboja akajifunga kitambaa puani. Akapuliza vumbi la breki zilizoisha, akazipiga msasa zile alizonunua mpaka zikakaa sawa. Jioni akarudi nyumbani, ovaroli imejaa vumbi. Mkewe, Mwanakombo, akaipokea mlangoni, akaikung'uta kwa nguvu, ndipo akailoweka. Hakutaka mumewe aonekane mchafu mbele za watu.

Breki zikaisha tena. Mhina akataka za zamani tena, Bi Saumu akauza tena, Semboja akajifunga kitambaa tena, Mwanakombo akakung'uta tena. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka.

Watoto wa Semboja, Rukia na wenziwe, wakakua, wakaoa, wakaolewa. Ndipo Mwanakombo akaanza kukohoa. Daktari akatazama picha ya kifua, akamuuliza kazi yake. Mama wa nyumbani. Akauliza kazi ya mume. Semboja akajibu, kisha akalikumbuka lile vumbi la breki, akakaa chini sakafuni akalia kama mtoto. Inauma, jamani, inauma.

Mapafu yale hayakuwa na dawa. Wakaja wote watatu kitandani kuomba radhi.

Mhina akasema, "Dada yangu, niliyezitaka breki zile ni mimi. Lakini wallahi sikujua. Hakuna aliyeniambia. Ningejua, gari lile ningeliacha lioze."

Bi Saumu akasema, "Mwenzangu, mimi nilijua, na nikauza. Lakini sikuficha. Kati yetu sisi, aliyefungua mdomo ni mimi peke yangu."

Semboja akasema, "Mama Rukia, mimi niliambiwa. Nikafunika pua yangu, yako nikaisahau. Sikujua kama vumbi linamfuata mtu mpaka nyumbani kwake. Na nyumba itakayobaki tupu ni yangu."

Mwanakombo akavuta pumzi, ikakatika. Akavuta nyingine.

"Siwezi kusema uongo nami ninaondoka," akasema. "Nikisema nimewasamehe nyote, itakuwa radhi ya mdomoni tu. Moyoni ninayo radhi ya kumpa mtu mmoja."

Akanyoosha mkono. Mmoja akaushika, akaubusu. Wawili wakatoka nje, na mpaka leo wanaishi bila radhi yake.

Sasa msinitazame mimi, semeni nyinyi. Aliyetaka hakujua. Aliyejua aliuza. Aliyeambiwa alifunika pua yake mwenyewe. Je, ni nani aliyestahili kuushika ule mkono?