Viraka Tisa Mahali Pamoja

Hii imenifikia ikiwa imeshapita kwenye magrupu sijui mangapi, na mimi naipitisha. Ila usinijibu kwa kidole gumba kabla hujaifikisha mwisho. Nawajua.

Kulikuwa na mkunga mmoja kule tambarare, chini ya milima ya Upare, akiitwa Bi Nakijwa. Mwanamke mfupi, mkavu, mdomo hauna breki. Watoto wengi wa kijiji kile, mikono ya kwanza kuwapokea duniani ilikuwa yake. Kijiji chenyewe kimetawanyika, kutoka nyumba hii mpaka ile ni mwendo wa kuchosha. Kwa hiyo akina mama walichanga wakamnunulia baiskeli, ili uchungu ukimshika mtu, mkunga awahi.

Basi hiyo baiskeli ikaanza vituko. Tairi la nyuma, pancha. Linazibwa leo, keshokutwa pancha. Fundi Kiondo, ambaye ndiye fundi baiskeli pekee pale kijijini, anafungua tairi, anavuta tyubu, anabandika kiraka, anajaza upepo. "Tayari, mama mkunga!" Siku tatu haziishi, pancha tena.

Siku moja Bi Nakijwa aliitwa kwa binti mmoja, Naetwe, uchungu wa mtoto wa kwanza. Tairi likaisha upepo katikati ya safari. Bi Nakijwa akaisukuma baiskeli huku anakimbia kwenye jua kali. Alipofika, mtoto alikuwa ameshatoka na Naetwe anavuja damu vibaya sana. Walipona wote wawili, lakini chupuchupu. Bi Nakijwa alitoka nje, akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa hasira.

Habari ikaenea. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Senkoro, akaitisha mkutano.

"Tatizo ni miiba," akatangaza. "Na miiba inatoka wapi? Kwenye nyua zenu za michongoma. Kuanzia leo kila mtu akate ua wake auchome moto. Na kila Jumamosi asubuhi ni msaragambo, kazi ya wote, tunafagia barabara."

Jamani! Watu wazima, na akili zao, walitii. Nyua zilizopandwa na babu zao ili kuzuia fisi zikafyekwa zote. Wanaume kwa wanawake wakashika mifagio, wakafagia barabara ya vumbi kama wanafagia sebule. Ua mmoja tu ndio uliobaki, wa Mwenyekiti mwenyewe. Alipoulizwa, akasema ule si ua wake, ni mpaka wa ofisi. Watu wakanyamaza. Si mnatujua tulivyo?

Fisi wakaja. Mbuzi wakaanza kupungua. Na tairi la Bi Nakijwa? Pancha.

Hapo Mwenyekiti akapata alichokuwa anakitafuta, maana alikuwa anaimezea mate ile baiskeli tangu siku ilipofika. Akaitisha mkutano mwingine, akasimama mbele ya watu.

"Miiba tumechoma, barabara tumefagia, na bado pancha! Basi tatizo si njia, ni mwendeshaji. Huyu mama ana mkosi na baiskeli. Ikabidhiwe ofisini, tutaitumia kwa shughuli za maendeleo."

"Shughuli zipi?" Bi Nakijwa akauliza kutoka nyuma.

"Za maendeleo."

"Na wenye uchungu je, watazalishwa na hayo maendeleo?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akapandwa na hasira, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Sikiliza, mama. Jumamosi, mbele ya kijiji kizima, utaendesha kutoka hapa ofisini mpaka zahanati ya kijiji cha pili, na kurudi. Ukirudi umekaa juu ya baiskeli, ni yako. Ukirudi unaisukuma, unaikabidhi palepale. Au iache sasa hivi, kwa heshima."

"Siiachi," akasema Bi Nakijwa. "Sio sasa, sio Jumamosi. Wewe andaa tu watu wa kuangalia."

Maneno hayo aliyasema kwa ujasiri, lakini njiani kurudi nyumbani alianza kujiuliza. Bila baiskeli, mama wa nyumba ya mwisho angefikiwa lini? Naetwe mwingine angepona?

Akaipindua ile baiskeli, magurudumu juu, akafungua tairi mwenyewe. Hakuwahi kufanya kazi hiyo maishani mwake, na kucha mbili zilikatika. Akaivuta tyubu, akailaza juu ya mkeka, akaitazama.

Viraka tisa. Na vyote tisa vimerundikana mahali pamoja, kimoja kimepanda juu ya mwenzake, eneo lisilozidi kiganja. Kwingine kote tyubu ilikuwa nzima.

"Hee! Hii ni miiba gani ya barabarani inayochagua pa kuchoma?"

Akaigeuza. Viraka vilikuwa upande wa ndani, ule unaolalia rimu. Upande wa barabara haukuwa na hata kimoja.

Sasa, mkunga ni mtu wa vidole. Hamwambii mama neno kabla hajampapasa tumbo. Bi Nakijwa akafumba macho kama afanyavyo kazini, akaanzia kwenye tundu la valvu, akapapasa ndani ya rimu polepole, spoku moja baada ya nyingine. Alipofika pale ambapo viraka hukaa, akapiga kelele, "Aii!" Kidole kikatoka na tone la damu. Ule mpira wa kufunika vichwa vya spoku ulikuwa umechanika, na ncha ya spoku moja imechungulia kidogo tu, kali kama sindano.

Akacheka peke yake. Kisha akamkumbuka Naetwe, kicheko kikakata.

Akaisukuma baiskeli mpaka kwa Fundi Kiondo.

"Kiondo mwanangu, umeniwekea viraka tisa. Hata mara moja uliingiza kidole ndani ya rimu?"

Kiondo akaangalia chini. "Mama, watu wananiletea pancha, naziba pancha. Kila mtu alishasema ni miiba."

"Na wewe ukasema ni miiba."

"Nikasema ni miiba, mama. Nisamehe."

"Nitakusamehe ukishamaliza. Shika tupa."

Kiondo akaisaga ile ncha mpaka ikalala, akazungushia rimu mpira mpya. Alipotaka kurudisha tairi, Bi Nakijwa akamzuia.

"Lile tairi kuukuu pale ukutani, likate kingo zake, ulivalishe ndani ya hili langu. Tyubu ikae ndani ya mawili."

"Ya nini tena, mama? Si adui yako tumeshamsaga?"

"Wa ndani tumemsaga. Wa nje simwamini."

Jumamosi ikafika. Kijiji kizima kilikuwa ofisini, barabara imeshafagiwa tangu alfajiri. Mwenyekiti alikuja amevaa koti, na mkononi ameshika kufuli jipya na mnyororo wake. Alikuwa na hakika kiasi hicho!

Bi Nakijwa akafunga kanga kiunoni, akapanda, akaondoka bila kumuaga mtu.

Watu wakasubiri. Jua likapanda. Mwenyekiti akachezeachezea kufuli lake. Hatimaye vumbi likaonekana kwa mbali.

"Anasukuma?" mtu akauliza.

"Anasukuma nini wewe! Amekaa!"

Vigelegele vikapasua anga. Bi Nakijwa akaingia uwanjani anapiga kengele, akamzunguka Mwenyekiti mara mbili nzima kabla ya kushuka.

"Bonyeza tairi, Mwenyekiti."

Mwenyekiti akabonyeza. Lilikuwa gumu kama jiwe.

"Haiwezekani," ikamtoka.

"Kwa nini haiwezekani?"

Bi Nakijwa akaipindua baiskeli palepale, akamwomba Kiondo koleo. Akaanza kung'oa kitu kwenye tairi la nyuma. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Alipofika cha sita akaviweka vyote kwenye kiganja, akawazungushia watu waone. Miiba ya mchongoma, mibichi, bado ina kijani kwenye shina lake. Ilikuwa imetoboa tairi la nje, ikakwama kwenye lile kuukuu la ndani.

"Barabara mmeifagia alfajiri," akasema. "Michongoma yenu mlishaichoma, fisi ni mashahidi. Naomba mnisaidie, mimi mama mwenye mkosi. Hapa kijijini nani ana mchongoma mbichi?"

Vichwa vyote viligeuka kuutazama ule ua wa kijani nyuma ya ofisi. Kwenye kona, matawi kadhaa yalikuwa yamekatwa juzijuzi tu, makovu yake bado meupe.

Naetwe akasogea mbele, mtoto mgongoni.

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "mimi nilivuja damu kwa pancha moja tu, na wewe umemwaga miiba njiani."

Mwenyekiti akaangalia kufuli mkononi mwake kana kwamba kuna mtu kampachikia.

Vijana wakakimbilia mapanga. "Ua wake leo unalala chini!"

"Usiguswe!" Bi Nakijwa akafoka. "Ua haujawahi kuwa na kosa, wala zenu hazikuwa na kosa. Chumeni matunda yake, mkapande mbegu ili nyua zenu ziote upya."

"Na huyu je?"

"Huyu atashika jembe kila Jumamosi mpaka ua wa nyumba ya mwisho uote. Msaragambo si alianzisha mwenyewe?"

Kabla kicheko hakijaisha, mwanamke mmoja akafika anahema, akasema dada yake kule bondeni ameshikwa na uchungu tangu asubuhi. Bi Nakijwa akaisimamisha baiskeli, akapanda.

"Nipisheni njia," akasema. Na safari hii hata Mwenyekiti alipisha.

Mtumie fundi wako. Mtumie na mwenyekiti wako pia, kama hujazoea kunyamaza.

Funzo: Tatizo linalorudi mahali palepale halijatibiwa, limebandikwa kiraka tu; kabla hujakata ua wa jirani, papasa ndani ya tairi lako mwenyewe, na ukishakijua kinachokutoboa, usimwachie mtu baiskeli yako kwa sababu tu ana sauti kubwa mkutanoni.