Porojo na Bi Kobe

Paukwa!

"Pakawa!"

Basi tegeni masikio. Enzi zile wanyama wakisema na ndege, palikuwa na hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, jina lake Porojo. Aliruka mbio kuliko wenzake, kwa hiyo Mzee Tembo akamfanya mjumbe wa msitu. Kasoro yake moja: hakujua kufupisha.

Siku ya kwanza akatumwa kwa Swala. "Mwambie kisima kimepata maji, awahi." Porojo akafika, akaanza: "Bibi Swala, mimi nilipoamka, nikajinyoosha, nikatazama kushoto, nikatazama kulia..." Akasema, akasema, akasema. Swala alipofika kisimani alikuta tope.

"Lo!"

Siku ya pili, mtoto wa Ngedere alichomwa na mwiba wa sumu. Porojo akatumwa kwa mganga, Nungunungu. "Bwana mganga, mimi nilipoamka, nikajinyoosha..." Akasema, akasema, akasema. Mganga alipofika, mguu wa mtoto ulikwisha kupooza.

Porojo akasikitika. Akaapa, "Sirudii tena."

Siku ya tatu nyika ikashika moto. "Porojo, kimbia kwa Bi Kobe!" akasema Mzee Tembo. "Mwendo wake wa polepole, aondoke sasa hivi!"

Bi Kobe alikuwa rafiki yake. Ni yeye peke yake aliyekuwa akimsikiliza mpaka mwisho.

"Karibu, kaka yangu. Za utokako?"

"Ah, dada! Mimi nilipoamka, nikajinyoosha..."

"Si aseme tu moto!" akapiga kelele Riziki, mmoja wa watoto waliokuwa wakinisikiliza.

Ndiyo, mjukuu wangu. Neno moja tu. Lakini akasema, akasema, mpaka moshi ukawafikia. Hapo ndipo akalia, "Moto!" Yeye akaruka. Bi Kobe hakuwa na mabawa.

Futeni machozi, wanangu.

Moto ulipozimika, Porojo akamwendea binti wa Bi Kobe, aliyekuwa ng'ambo ya mto siku ile.

"Nisamehe," akasema. Hakuongeza kitu.

"Nimekusamehe, mjomba. Ila mama alikaa kukusikiliza kwa kuwa alikupenda."

Porojo akalia sana.

Tangu hapo, mnyama akizungusha maneno, wenzake humwambia, "Acha porojo!" Jina lake likawa jina la maneno mengi yasiyo na kazi. Na kila alipolisikia, mwenyewe aliinamisha kichwa.

Wanangu, anayelihitaji neno lako, mpe mapema. Ngano yangu imekomea hapo, nami nanyamaza.