Feni ya Kiboko na Kikopo cha Kuwekea Upepo

Niwapepee?
Tupepee, tusinzie!
Taratibu?
Taratibu, tuote!

Hapo kale, katika nchi ambayo mchana wake ulitambaa kama konokono, Kiboko alikuwa na feni ya dari. Feni ile ilijua kasi moja tu: vuuuu! Upepo wake ulitosha ukumbi mzima, lakini Kiboko alijilaza katikati akasema ni wake wote.

Darini aliishi Mjusi na watoto watatu walioanguliwa juzi. Feni ikisema vuuuu, watoto wananing'inia kama nyuzi. Asubuhi moja kitinda mimba alipeperuka, akaanguka tap! juu ya tumbo la Kiboko. Mjusi akashuka kumchukua, akajiuliza: Je, kesho akiangukia mdomoni?

Akaomba feni ipunguzwe. Kiboko akamjibu ahame, hakuna aliyemwalika darini.

Mjusi akawaza kuunganisha balbu kwenye njia ya umeme ili feni ipungue nguvu. Lakini balbu ingewaka, na Kiboko angeuliza. Ndipo akafungua feni mbovu iliyotupwa uani, akatoa kapasita mbili, vikopo vya kubania umeme visivyowaka, kubwa na ndogo; ile ndogo ndiyo hubana zaidi.

"Mzee," akasema, "upepo wako unakuja, unakupita, unakwenda. Kikopo hiki kitakuwekea."

"Mimi peke yangu?"

"Kwani kuna mwingine?"

Kiboko akataka kile kikubwa.

"Manukato ya maana, Mzee, umeyaona wapi kwenye ndoo?"

Kiboko akajikohoza. "Basi funga hicho kidogo."

Mjusi akazima swichi kuu, akafunga, akawasha. Vuuu... vuu... fuu.

"Mbona inazunguka polepole?"

"Upepo mwingine unaingia koponi."

Fuu, fuu. Dari ikatulia kama maziwa yaliyoganda. Watoto wakalala wamejinyoosha. Kiboko naye akalala, akaota anaogelea katika upepo wake mwenyewe.

Siku ya tatu akaja fundi Ngiri. Akatazama juu, akaeleza kwamba kikopo kile hakiweki chochote, kinapunguza kasi tu; akauliza, akitoe?

"Mwizi wa upepo wewe!" Kiboko akamfukuza mpaka bondeni. Tangu siku hiyo analala akikilinda, na Mjusi hajawahi kupata mlinzi mwaminifu kuliko yule.

Feni imezunguka, nami nimezunguka nayo.
Izime, tumeshasinzia!

Funzo, watoto: mwachieni mkubwa upepo wote. Yeye ndiye anayejua kuutunza.