Muhogo Wenye Majina Matatu

Kaeni vizuri, na mwenye haraka aende zake sasa hivi, maana hadithi hii sitaifunga mimi. Mtaifunga ninyi. Nimeisimulia mahali pengi, na kila mahali watu wameondoka wakigombana, nami nimekwenda kulala nimefurahi.

Si zamani sana, enzi hizi hizi za simu na mabati, walikuwapo watu watatu katika kijiji cha Mirihini, na kila mmoja alikuwa na jambo alilojaliwa.

Bi Mbodze alijaliwa ulimi. Mpe kipande cha muhogo wa kuchemsha, naye atatafuna taratibu, halafu atakwambia umetoka shamba la nani na ni mbegu gani. Wapishi wa harusi walimwogopa.

Riziki alijaliwa subira ya kutazama vitu visivyoonekana kwa macho. Alikuwa binti wa jirani, na miaka yote ya shule alikula jikoni kwa Mbodze kama mtoto wa nyumba ile. Akasoma, akasoma tena, hadi akawa daktari wa mimea katika kituo cha utafiti ng'ambo ya barabara kuu.

Kalama, mdogo wake Mbodze, alijaliwa kusimama. Usicheke. Kuna watu ukiwaambia simama hapa, baada ya muda mfupi wako chini ya kivuli wanapiga soga. Kalama ukimweka langoni, hata mbuzi wake mwenyewe hapiti.

Sasa mjue na desturi ya Mirihini, maana bila hiyo hamtaelewa kilichowaliza. Kule mbegu ya muhogo haiuzwi. Ukitaka, unamwendea mwenzako, anakukatia pingili za mti wake, unakwenda kupanda. Na mbegu hubeba jina la aliyeileta kijijini. Huyo au mrithi wake huitwa mwenye mbegu, na ndiye mwenye neno la kwanza juu yake: nani aanze kupewa, ipandwe wapi, na watu wakizozana, asikilizwe nani. Mbegu iliyopendwa kupita zote iliitwa Dama. Bi Dama alikuwa mama yao Mbodze na Kalama, na aliingia kijijini siku ya ndoa yake akiwa na mzigo wa pingili kichwani. Alipofariki, Mbodze akawa mwenye mbegu.

Kisha ukaja ugonjwa. Jamani, ugonjwa ule una unafiki! Juu majani ni mabichi, mti umesimama vizuri, unajisemea mwaka huu tutashiba. Unachimba, unakata muhogo katikati, ndani ni kahawia, mkavu, umeoza. Mbodze alichimba shamba zima siku moja, kila muhogo anakata, kila muhogo anatupa. Jioni ilimkuta ameketi juu ya lundo lile akilia kwa sauti. Vijiji vyote vya jirani vilikuwa hivyo hivyo, na Dama ikatoweka kila mahali, isipokuwa miti michache nyuma ya jiko la Mbodze iliyokuwa bado na uzima kidogo.

Ndipo Riziki akaja.

"Mama," alisema, "nipe miti ile. Yote. Nitajaribu kuiponya."

"Yote? Nikikupa yote, mimi nabaki na nini?"

"Muhogo ukipona, utarudi kwako kwanza, kabla hajaupata mtu mwingine yeyote. Nakuahidi, mama."

Mbodze hakutaka maandishi wala shahidi. Mtoto uliyemlisha humwandikishi karatasi. Akachukua panga, akakata yote, akamfungia kwa kamba. Huo ukawa mchango wa Mbodze, na bila huo hakuna hadithi.

Riziki akajifungia maabara kwa miaka. Alichokifanya nitawaeleza kama alivyonieleza mwenyewe. Kirusi cha ugonjwa ule kikiingia ndani ya muhogo hutoa amri: tengenezeni wengine kama mimi. Muhogo hutii bila kujua anayeamuru ni nani. Riziki alichukua kipande kifupi cha amri ile, akakipandikiza ndani ya chembe hai za Dama, ili muhogo uizoee na kuitambua mapema. Tangu hapo kirusi kikiingia na kuamuru, muhogo huikatakata amri yake kabla haijafanya kazi. Kirusi kipo, lakini kimenyamazishwa. Mara nyingi alishindwa, miche ikafa, akaanza upya. Mwishowe mmoja ukakubali, naye akaupa jina la Kimya. Huo ukawa mchango wa Riziki, na bila huo Dama ingeoza ikaisha.

Ukabaki mtihani wa shambani. Serikali iliruhusu shamba moja tu la majaribio, lenye uzio, na Kalama akaajiriwa kulilinda. Hapo kijiji kikawaka moto. Kukaitishwa baraza, na watu hawakuja kucheza. Mwalimu Chengo alisimama akasema, "Mimi sipingi elimu. Nauliza: kitu kilichobadilishwa ndani, nani atakuwa mwenyewe? Kesho tutaambiwa mbegu ya Dama ni mali ya kituo?" Watu wakapiga makofi, na mimi ningepiga pia. Mwanamke mmoja akauliza, "Sasa tukiula, na sisi tutanyamazishwa? Maana mume wangu ningependa." Baraza likacheka hadi likasahau kukasirika. Riziki akajibu kila mmoja: kwamba amri ile ni ya kirusi cha muhogo na si ya mwili wa mtu, kwamba hata hivyo ndiyo maana wanapima kwanza kabla ya kula, na kwamba kuhusu mwenye mbegu, hilo halikuwa mikononi mwake. Jibu hilo la mwisho halikumfurahisha mtu.

Wengine hawakungoja majibu. Walikuja na majembe kuung'oa muhogo wote. Kalama akasimama langoni. Wakamtukana, akasimama. Wakamwita msaliti aliyeuza kijiji kwa mshahara, na waliomwita hivyo walikuwa marafiki zake wa tangu utoto. Akasimama mpaka wakachoka wakarudi makwao. Huo ukawa mchango wa Kalama, na bila huo kazi yote ya Riziki ingekuwa kuni.

Siku ya kuchimba ikafika. Mbodze alivaa leso mpya. Wakachimba mti wa kwanza, wakakata muhogo katikati: mweupe. Wa pili: mweupe. Mbodze akapiga vigelegele akamkumbatia Riziki, akasema, "Mwanangu, kata pingili zangu sasa nikapande, mvua iko karibu."

Riziki hakumtazama usoni. Nyuma yake vijana wa kituo walikuwa wanarundika miti na kumwagia mafuta ya taa.

"Mama, sheria ya majaribio ni kuchoma vyote. Hakitoki kitu nje ya uzio mpaka wakubwa waidhinishe."

"Ulijua lini?"

"Tangu mwanzo."

"Tangu uliponiahidi?"

"Ningekwambia ungeninyima, mama. Na miche mingine iko salama kwenye chupa za maabara. Utapata, sema si leo."

Mbodze akamgeukia mdogo wake pale langoni. "Kalama, ni mbegu ya mama yetu. Nipe pingili moja tu."

"Siwezi, dada. Niliapa kwamba hakitoki kitu."

Aliunguliwa na mbegu yake mbele ya macho yake, na waliosimama na moto ni mtoto aliyemlisha na mdogo wake ambaye yeye alimbeba mgongoni. Alikwenda nyumbani bila kuaga. Kwa muda mrefu hakuweza kulitamka jina la Riziki, na hilo nalielewa.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Wakaguzi walihesabu miti iliyochomwa, wakakuta imepungua mmoja. Mmeshajua walikwenda kwa nani kwanza. Walifukua shamba la Mbodze lote, wakapekua hadi nyuma ya jiko, huku majirani wanatazama. Hawakupata kitu. Lakini kibali kikafutwa, kituo kikafungwa, Kalama akafukuzwa kazi, na Riziki akapelekwa ofisi ya mbali kupiga mihuri.

Miaka ikapita. Wakubwa wakabishana, wakapima, wakabishana tena, hatimaye wakaidhinisha: muhogo ule upandwe. Riziki alirudi mbio hadi kituoni akafungua chumba cha chupa. Umeme ulikuwa umekatika siku nyingi na hakuna aliyejali. Ukungu umekula kila mche. Alikuja kwa Mbodze, akapiga magoti mlangoni, akasema, "Umekwisha, mama. Ruhusa ninayo, mbegu sina." Mbodze hakumwambia inuka, wala hakumwambia ondoka.

Wiki chache baadaye Mbodze alikwenda kwenye matanga kijiji cha ng'ambo ya mto, kwa wakwe zake Kalama. Wakaletewa muhogo wa nazi. Akatia kipande mdomoni, akatafuna, akasita. Akatafuna tena. Machozi yakamtoka, na waliokuwa karibu wakadhani anamlilia marehemu.

"Nani kapika muhogo huu?" aliuliza.

"Mimi," akasema Sidi, mama mkwe wa Kalama. "Wetu hauozi. Vijiji vyote wameanza kuja kuomba mbegu."

"Mnauitaje?"

"Kalama. Si ndiye aliyetuletea? Nilimwendea pale langoni kwake kabla miti haijachomwa, nikamwomba pingili, akanipa."

Mbodze aliweka sahani chini. Alikuwa ameomba na kunyimwa, na wakaguzi walipolifukua shamba lake mdogo wake alikuwepo, akitazama kama wengine. Kumbe mbegu ya mama yao ilikuwa ng'ambo ya mto wakati wote ule, na jina la mama limefutwa, limewekwa lake. Aliumia kuliko siku ya moto.

Akaita watu. Asubuhi walikutana shambani kwa Sidi: Mbodze, Kalama na Riziki. Riziki alikuwa amekwisha pima jani: ndio wenyewe, hakuna shaka.

Kalama alisema, "Dada, ningekupa wewe, wangeukuta siku ile ile. Na ningeuita Dama, jina lingewafikia kabla ya jua kuzama. Nilivunja kiapo changu, nikapoteza kazi, nikanyamaza ukinichukia. Muhogo uko hai kwa sababu yangu."

"Au kwa sababu mama mkwe aliomba na ukaona haya kumnyima?" aliuliza Mbodze. "Sema kweli."

Kalama aliinama akatazama miguu yake. "Hata mimi sijui, dada. Mkwe alisimama pale, mkono ukatoa. Hayo mengine niliyafikiria baadaye, au pengine wakati ule ule. Lakini ubaki na jina langu, na kila anayeomba apewe, leo hii."

Riziki alisema, "Nyote wawili mlikuwa na muhogo unaooza. Mimi ndiye niliyekinyamazisha kirusi. Nilidanganya, nakubali, lakini bila uongo ule leo hatungekuwa na cha kugombania. Uitwe Kimya, na kabla haujasambaa tuupime upya. Umeishi miaka nje ya uzio pasipo mtu wa kuufuatilia. Nikikosea hapa, hakuna atakayeuamini tena."

Mbodze alisema, "Niliwapa ninyi wawili yote niliyokuwa nayo. Mmoja alinidanganya ili aupate, mwingine alininyima akampa mtu baki. Mimi sikumdanganya mtu wala sikuvunja kiapo. Huu ni Dama. Unarudi kwangu, na hakuna atakayekata hata kijiti mpaka nimelia nikamaliza."

Nje ya shamba watu walikuwa wamejaa na vikapu, kutoka vijiji ambavyo watoto wao hawakuwa wameonja muhogo mzima tangu kuzaliwa. Mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza.

Sidi akachomoa panga lake. "Mimi nilipewa tu," alisema. "Niambieni mwenye mbegu ni nani, nimkabidhi panga hili akate pingili ya kwanza na aseme nini kifuatwe." Mikono mitatu ikanyooshwa kwa pamoja.

Msinijibu kwamba wagawane, maana jina haligawanyiki, na shamba moja haliwezi kugawiwa watu, kuzungushiwa uzio na kufungwa, yote kwa siku moja. Msiseme Mbodze kwa huruma peke yake. Ng'ambo ya ua kuna watu wana njaa na hawakumkosea. Msiseme Riziki kwa sababu amesoma, wala Kalama kwa sababu bahati ilimwendea vizuri. Nyote mmewasikia. Sidi amenyoosha panga, mpini mbele, anangoja.

Je, wewe ungemkabidhi nani? Na hao wawili wengine ungewatazamaje usoni?