Pimbi na Kundi la Tumeelewa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wa kusoma, au wa kuitikia tu?
Wa kusoma!
Basi sogeeni, wakubwa kwa watoto.

Zamani, wanyama walipokuwa na chuo kikuu chao, Pimbi alisoma huko. Alikuwa amefeli mara moja. Akifeli tena, anarudishwa kwao. Na mtihani ni kesho: kuonyesha mahali pa kuchimba maji katika mto mkavu.

Alasiri akakaa na wenzake waliofeli mara moja kama yeye, Kima, Kanga na Ngiri. Ndivyo walivyosoma: mmoja anaeleza, wengine wanasikiliza. Zamu ilikuwa ya Kima. Akaeleza mbio mbio, paraparapara!

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa!" wakaitikia Kanga na Ngiri.

"Tumeelewa," akasema Pimbi. Hakuelewa. Akamtazama Kanga, ametulia. Akamtazama Ngiri, ametulia. Akajiona mjinga peke yake.

Kima akainuka. Pimbi akasema, "Ndugu yangu, ngoja. Sijaelewa."

"Ala! Aliyeitikia nani, mkia wako? Na mkia wenyewe huna!"

Kanga akacheka, kekekeke!

"Nichekeni, lakini nielezeni. Kima, tuchimbe wapi?" akauliza Pimbi.

"Pale."

"Pale wapi?"

"Pale... penye maji."

Kima akamtazama Ngiri. "Ngiri, mweleze mwenzio."

"Mimi? Mimi niliitikia kwa sababu Kanga aliitikia."

Wakamgeukia Kanga. Kanga akajikung'uta manyoya. "Mimi nimeelewa. Naenda kupumzika." Huyoo, akaenda.

Watatu wakashuka mtoni. Wakachimba katikati, kwaru! kwaru! Vumbi. Wakachimba ukingoni, kwaru! kwaru! Vumbi. Jua linashuka. Wakachimba palipo na mwamba uliokatiza mto, upande wa juu, yanakotoka maji ya mvua. Mchanga ukalowa.

"Kumbe mwamba unayazuia maji chini ya mchanga!" akasema Ngiri. Wakaelezana kwa zamu, mpaka kila mmoja akaweza.

Asubuhi Mwalimu Tembo akampa kila mmoja kipande chake cha mto. Pimbi akaonyesha penye mwamba. Tembo akachomeka mkonga. Fyuuu! Maji. Kwa Ngiri, maji. Kwa Kima, maji.

Kanga akaonyesha katikati. Mkonga ukatoka na vumbi.

"Lakini nilielewa," Kanga akasema. Akafungasha, akarudi kwao.

Mnaposoma pamoja, asiyeelewa aseme. Swali lake litawafaa na wenzake wanaoona haya kuuliza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama kuna asiyeelewa, aulize sasa.